Kuovakloki prosesa katika joto la visiwani: mwongozo kamili, kuanzia nyuzi za chumba hadi volti ya mwisho

Kuovakloki ni kuiendesha prosesa kwa kasi kubwa kuliko ile ya kiwandani. Kabla ya kugusa bayosi (mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows), tafuta kipimajoto cha ukutani. Kiweke mbele ya kasha la kompyuta, pale feni inapovuta hewa, kisha ukisome saa nane mchana. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa limeshapasha zege tangu asubuhi, chumba cha juu Fuoni au Chake Chake kinaweza kusoma nyuzi 32 na zaidi. Andika namba hiyo kwenye daftari, kwa sababu ndiyo itakayoamua prosesa yako itafika wapi.

Miongozo mingi ya kuovakloki imeandikwa na watu wanaopima kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Kipoozaji hakishushi joto la prosesa chini ya hewa iliyokizunguka. Kinachoweza ni kuiweka prosesa nyuzi kadhaa juu ya hewa hiyo. Hewa ikiwa na nyuzi 11 zaidi, prosesa nayo itakuwa na nyuzi 11 zaidi, au zinazidi kidogo. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na wengi walivyozoea: kwanza tunapanga joto, halafu tunaweka mpaka wa volti, na kasi tunaichukua ile inayobaki.

Hesabu ya joto

Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza kasi asilimia 5 na volti usiiguse, joto litaongezeka kama asilimia 5. Ongeza volti asilimia 5, joto linaongezeka zaidi ya asilimia 10. Hapo ndipo watu wanapoingia hasara bila ya kujua.

Chukua mfano wa prosesa ya kori (viini vya hesabu) sita inayokwenda 4.6 GHz kwa volti 1.22, yenye kipoozaji kinachoiweka nyuzi 40 juu ya joto la chumba ikibeba mzigo kamili. Ukitaka 4.8 GHz na chipu ikadai volti 1.30, joto linapanda kwa karibu asilimia 18, na zile nyuzi 40 zinakuwa 47. Ukitaka 5.0 GHz kwa volti 1.38, joto limepanda asilimia 39 na nyuzi zimekuwa 56. Sasa jumlisha chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 21 utasoma 61, 68 na 77, na zote hazina tabu. Kwenye chumba cha nyuzi 32 utasoma 72, 79 na 88. Ile ya mwisho umeilipia joto la asilimia 39 ili upate kasi ya asilimia 9. Tena hesabu hii ni ya upole, maana silikoni ikishapata moto huvujisha umeme zaidi, na joto hilo huzaa joto jengine.

Kanuni tunayoishikilia ni hii: hatua moja ya kizidishi (namba inayozidishwa na 100 MHz kupata kasi ya prosesa), yaani 100 MHz, ikidai zaidi ya volti 0.05, usiende. Rudi hatua moja na ubaki hapo.

Prosesa gani inakubali

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa madukani Darajani na Mlandege ni zile zilizotoka maofisini ng'ambo, na karibu zote zina prosesa iliyofungwa, yaani kizidishi chake hakibadilishiki. Soma jina lote kabla ya kulipa. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni (i5-8600K, i7-8700K, i7-9700K) na madabodi ya chipuseti inayoanza na Z, kama Z370 au Z390. Prosesa ya K kwenye madabodi ya H310 au B360 ni kama jahazi lisilo na tanga. Kwa AMD, Ryzen karibu zote zimefunguliwa, lakini madabodi lazima iwe ya B au X, kama B450, B550 au X570. A320 na A520 hazikubali. Ryzen 7 5800X3D imefungwa kizidishi, usihangaike nayo.

Kama una Intel ya kizazi cha 13 au 14, kwanza sasisha bayosi ipate maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B au mpya zaidi. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti kubwa mno na kuharibika pole pole. Kuziongezea volti juu ya hapo ni kuzimaliza.

Vifaa na mahali pa kompyuta

Kipoozaji cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120 ndicho kiwango cha chini. Hiki kinabeba wati 130 hivi bila ya kulalamika. Kile kidogo cha alumini kinachokuja ndani ya boksi kiache kwa kazi za kawaida. Kipoozaji cha maji cha milimita 240 kinasaidia, lakini nacho kinapoza kwa hewa ya chumba hicho hicho, hakileti baridi kutoka pengine. Pawasaplai iwe ya wati 550 ya kampuni inayoaminika, yenye waya wa pini 8 kwa ajili ya prosesa.

Angalia pia madabodi yenyewe. Zile sehemu za kugawa umeme zilizo pembeni mwa prosesa ziwe na vipande vya alumini juu yake. Madabodi za bei rahisi huziacha wazi, na prosesa ikivuta wati 130 zinafika nyuzi 100 kabla ya prosesa yenyewe kulalamika. Hapo utaona kasi inashuka ghafla huku prosesa ikisoma nyuzi 70 tu, na utahangaika kutafuta ugonjwa pasipo.

Kwenye kasha weka feni mbili za milimita 120 mbele zikivuta na moja nyuma ikitoa. Liache sentimita 15 kutoka ukutani. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe watu hupenda kuliingiza kasha ndani ya kidaka (shubaka la ukutani) kwa sababu linakaa vizuri na halichukui nafasi. Kidaka ni pango: hewa ya moto inayotoka nyuma inagonga ukuta na kurudi mbele. Jaribu mara moja tu, pima ndani ya kidaka, kisha pima kasha likiwa juu ya meza, na kipimajoto kitakwambia mwenyewe.

Halafu kuna chumvi. Dirisha linalotazama bahari huleta upepo mzuri na huleta chumvi, na chumvi ikishatua kwenye madabodi hunyonya unyevu wa hewa. Chomoa kipande cha RAM kilichokaa miaka miwili kwenye nyumba ya ufukweni, ukitazame kwenye mwanga kwa pembe: ule mstari wa dhahabu una ukungu mwembamba, na pengine doa la kijani karibu na mwisho. Kompyuta ya namna hiyo huanguka katika majaribio, na mwenyewe akadhani volti haitoshi, akaongeza, akaongeza tena. Sugua meno ya RAM kwa kifutio cheupe, malizia na pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukaushe. Fanya hivyo kabla ya kuanza na utajiepusha na wiki nzima ya kubahatisha.

Kiyoyozi kinasaidia sana lakini kina mtego wake. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27. Chumba kikilala na kiyoyozi cha nyuzi 18, kompyuta imezimwa, kisha asubuhi ukafungua madirisha, vyuma vya ndani ya kasha vinaweza kulowa. Subiri nusu saa kabla ya kuwasha. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu barafu wala sahani za umeme za kugandisha, hata ukiona zinasifiwa vipi.

Umeme

Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara hadi Ras Fumba, na wa Pemba kutoka Tanga, kwa hiyo gridi ya bara ikianguka nasi tunazimikiwa. Ovakloki yenye volti ya kupima kwa mkono haipendi umeme unaoyumba. Tafuta UPS ya VA 1000 yenye kurekebisha volti ndani yake, na iwe ya wimbi safi la mviringo (pure sine wave). Baadhi ya pawasaplai za kisasa hukataa wimbi la ngazi na kompyuta huzima pale pale UPS inaposhika. Na usisasishe bayosi bila ya UPS hata kama ni dakika tatu tu.

Kupaka pesti na kufunga kipoozaji

Safisha uso wa prosesa na kitako cha kipoozaji kwa isopropili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Weka tone la pesti la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Shusha kipoozaji wima, kaza skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, mpaka zifike mwisho. Kama unataka uhakika, kinyanyue mara moja uangalie alama: pesti iwe imeenea kama utando mwembamba mpaka karibu na kingo. Ikiwa upande mmoja ni mnene na mwengine uchi, kipoozaji kimekaa upogo. Safisha, paka upya, maana pesti iliyokwisha kunyanyuliwa ina mapovu ya hewa.

Kupata kipimo cha mwanzo

Ingia bayosi kwa Del au F2, rudisha mipangilio ya kiwandani, na zima kipengele cha Multi-Core Enhancement, kwa sababu chenyewe ni ovakloki ya siri inayomwaga volti ovyo. RAM iache kwenye kasi yake ya kawaida kwanza. XMP (mpangilio wa kasi kubwa ya RAM) tutaiwasha mwisho, ili tatizo likitokea ujue limetoka wapi.

Ndani ya Windows sakinisha HWiNFO64 (ya kusoma joto na volti), Cinebench R23 na Prime95 (za kuibebesha prosesa mzigo). Endesha Cinebench ya kori zote kwa dakika 10, na iwe kati ya saa sita na saa tisa mchana. Ukipima usiku umejidanganya. Mwenye kipoozaji cha maji aendeshe dakika 30, kwa sababu maji huchelewa kupata moto. Andika joto la chumba, joto la kori iliyo moto kuliko zote, Vcore, wati na alama. Angalia usichanganye VID na Vcore: VID ni volti ambayo prosesa inaomba, Vcore ndiyo inayopimwa.

Mpaka wetu ni nyuzi 85 katika Cinebench mchana wa kaskazi. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 hujipunguza zenyewe zikifika 100, na Ryzen 3000 zikifika 95. Nafasi iliyobaki ni ya siku feni itakapojaa vumbi au kiyoyozi kitakapokataa. Ikiwa hata kabla ya kuongeza kitu unasoma 80, kazi yako ni kipoozaji na hewa, prosesa iache.

Kupanda hatua kwa hatua: mfano wa i5-8600K

Prosesa hii hukimbia 4.1 GHz kori zote kutoka kiwandani. Weka volti ya kudumu 1.20, kizidishi cha kori zote 44, na upunguzo wa kizidishi kwa AVX (amri nzito za hesabu) uwe 2. Kasi ya ringi (njia inayounganisha kori) iache 40.

Kisha kuna mstari ulioandikwa Load-Line Calibration. Prosesa ikibeba mzigo, volti hushuka kidogo, na mstari huu huamua ishuke kiasi gani. Chagua cha katikati. Ukichagua kikali kabisa, volti haishuki wakati wa mzigo lakini hurukia juu mzigo unapoachwa ghafla, na mruko huo HWiNFO hauuoni. Hapa chunga sana, kwani kampuni hazikukubaliana namba: ASUS, namba kubwa ndiyo kali, ASRock na MSI, namba 1 ndiyo kali. Watu wameweka 1 wakidhani wameanza chini.

Weka pia mpaka wa wati: 130 kwa muda mrefu na 150 kwa muda mfupi. Wengi hupenda kuufungua wote. Sisi tunauweka kwa makusudi, ili siku chumba kikizidi joto prosesa ipunguze mwendo badala ya kuchemka.

Hifadhi, washa, endesha Cinebench dakika 10. Ikipita, panda kizidishi 45, halafu 46. Ikianguka, ongeza volti 0.02 urudie. Usiongeze vitu viwili kwa mara moja. Mpaka wa juu wa volti kwa matumizi ya kila siku kwenye chipu hizi za nanomita 14, kwa hapa kwetu, tunauweka 1.30. Mwenye chumba baridi anaweza kwenda 1.35, lakini huyo si wewe mwezi wa Januari. Chipu mbili za jina moja hazilingani: moja itafika 4.8 kwa 1.26, nyengine itadai 1.32, na hakuna ujanja wa kuibadilisha.

Ukifika pale nyuzi au volti zinapogota, rudi hatua moja na anza majaribio marefu. Prime95 ya Small FFT, AVX ikiwa imezimwa, kwa saa moja. Halafu OCCT, programu nyengine ya mzigo, saa moja. Halafu kazi yako halisi, kama ni kusafirisha video ya harusi ya dakika 90 au ni michezo. Ndipo uwashe XMP, uendeshe MemTest86 mzunguko mzima.

Mwisho badilisha volti kutoka ya kudumu kwenda ya kujirekebisha, ili kompyuta ikikaa bure volti ishuke. Rudia jaribio la saa moja, kwani ubadilishaji huu mara nyengine huongeza au kupunguza volti 0.02 bila ya kukuuliza.

Ryzen ina njia yake

Kwenye Ryzen 5000 na kuendelea, usifunge kori zote kwenye kasi moja; utapoteza ule mruko wa kori moja ambao ndio unaoifanya kompyuta iwe nyepesi. Tumia PBO (kipengele cha AMD kinachopandisha kasi chenyewe) pamoja na Curve Optimizer (inayopunguza volti ya kila kori). Anza na hasi 10 kwa kori zote, kisha hasi 15. Kila hesabu moja ni kati ya milivolti 3 na 5. Kori mbili bora, ambazo HWiNFO inakuonesha, hazivumilii sana, kwa hiyo zipe hasi ndogo kuliko nyengine. Jaribu kwa CoreCycler (inayopima kori moja moja) usiku kucha, kwa kuwa kosa la hapa halitokei kwenye mzigo mkubwa. Hutokea kompyuta ikiwa imetulia, umeiacha uende msikitini, ukarudi ukakuta imejiwasha upya.

Na kwa joto letu, faida kubwa ya njia hii ni kwamba unapata kasi kwa kupunguza volti. Ryzen 5 5600X yenye mpaka wake wa kawaida wa wati 76 na hasi 15 huenda kasi zaidi ikiwa na joto lile lile. Hii ndiyo ovakloki inayofaa visiwani kuliko zote.

Ryzen 5 3600 haina Curve Optimizer. Jaribu 4.2 GHz kwa volti 1.25, na usipite 1.30 ya kudumu. Ukiona inasoma 1.45 kwa sekunde ikiwa kwenye mipangilio ya kiwandani, usishtuke. Hiyo ni kori moja yenye mzigo mwepesi. Kuiweka 1.45 ya kudumu kwa kori zote ni jambo jengine kabisa, na huila chipu. Jengine la kujua: Ryzen ikikosa volti si lazima ianguke. Huonesha 4.3 GHz kwenye skrini huku inafanya kazi pole pole. Fuata alama za Cinebench. Kasi imepanda na alama zimeshuka, volti haitoshi.

Dalili na maana yake

Skrini ya buluu yenye CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT au WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR: volti ya kori haitoshi. Ongeza 0.01 hadi 0.02 au shusha kizidishi. MEMORY_MANAGEMENT: anza na RAM, zima XMP, safisha meno. Kompyuta haianguki lakini kwenye Event Viewer kuna maonyo ya WHEA-Logger (kumbukumbu ya makosa ya vifaa): uko ukingoni, na siku ya joto kali utaanguka. Kompyuta inazima ghafla kama imekatiwa umeme: pawasaplai au UPS, prosesa haina hatia.

Haiwaki kabisa? Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10, toa betri ya CR2032, subiri dakika 5, irudishe. Mipangilio yote itafutika na kompyuta itarudi kama ilivyotoka dukani.

Matunzo

Toa vumbi kila mwezi wakati wa kaskazi, kila miezi miwili wakati mwengine. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke ovyo. Pesti ibadilishe kila baada ya miaka miwili, au mapema kama nyuzi za Cinebench zimepanda 5 juu ya zile ulizoandika, chumba kikiwa na joto lile lile.

Bayosi nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio zaidi ya moja. Hifadhi mbili. Ya kwanza, iliyopimwa Februari saa nane mchana, mathalani 4.6 GHz kwa volti 1.22, iite KASKAZI. Ya pili, iliyopimwa Julai wakati wa kusi chumba kikiwa na nyuzi 27, mathalani 4.8 kwa 1.28, iite KUSI. Upepo ukigeuka mwanzoni mwa Disemba, ingia bayosi, pakia ya KASKAZI, na iache humo mpaka masika yaishe.